Diski ya Gemu na Fedha ya Korosho

Mzazi mmoja wa Kitaya ametuuliza: kijana wake ataka SSD ya NVMe kwa kompyuta yake ya gemu, na fedha iliyopo nyumbani ni ya korosho. Je, aitoe?

Tunasema asiitoe kabla kompyuta haijafunguliwa na kutazamwa. Diski ngumu ya zamani, yenye sahani izungukayo, husoma kiasi cha megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya SATA hufikia 550 hivi, na NVMe nyingi hufika 3,500 au zaidi. Tarakimu hizo humvuta kijana, na muuzaji analijua hilo. Lakini katika gemu nyingi SATA na NVMe hupishana sekunde chache tu wakati wa kufungua. Kuiacha diski ngumu ndiko kunakoonekana. Picha zikikwama mchezo ukiendelea, huenda dosari ni ya kadi ya picha, na hapo diski mpya haitaiponya.

Upo pia mtego wa umbo. Kile kijiti bapa kiitwacho M.2 huweza kuwa SATA au NVMe. Tundu likiwa la SATA pekee, NVMe haitafanya kazi, na kuirudisha Mtwara mjini ni nauli nyingine.

Basi aulize bei ya zote mbili, za ujazo uleule. Zikikaribiana na tundu likikubali, achukue NVMe. Zikiachana sana, SATA yamtosha kijana. Akiuziwa terabaiti nyingi kwa bei ya kutupa, apite: zipo diski bandia zinazojitangazia nafasi zisizokuwa nayo.