Mtoto Akipata Nafasi ya Kusomea Sanaa

Wazazi wa Tarime na Serengeti hutuuliza: mtoto akipata nafasi ya kusomea sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, je, azuiwe? Twasema, mzazi asikatae kwa kusikia jina tu. Masomo hayo yalianza hapo mwaka 1967. Ebrahim Hussein, aliyesoma na kufundisha chuoni humo, alitunga Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, iliyochapishwa 1969, ingali ikisomwa. Basi mzazi na aulize: ni lipi litasemwa jukwaani, na sala itapewa wakati wake? Akiridhika, ampe mtoto radhi. Visa vya wazee wetu, pamoja na litungu la Wakurya la nyuzi nane, visipohifadhiwa na watoto wetu, vitahifadhiwa na nani?