KISWAHILI KINATOSHA KWENYE KIOO CHA SAA

Wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba Kiswahili hakifai kwa mitambo midogo midogo. Hoja yao kubwa ni moja: eti maneno yetu ni marefu mno, na kioo cha saa janja ni kidogo mno. Mimi nasema la hasha! Kosa si la lugha. Kosa ni la anayeandika bila kuchagua maneno.

Kwanza tuelewane kuhusu saa zenyewe. Saa janja ni kompyuta ndogo inayovaliwa mkononi. Apple ilipoanza kuuza saa yake mwezi wa Aprili 2015, ile ndogo ilikuwa na kioo cha nukta 272 kwa 340 tu. Nyingine ni za mviringo, na hizo ni mtihani zaidi. Wapenzi wa hesabu wanajua: ukichora duara ndani ya mraba, pembe nne zinazobaki nje huchukua takriban asilimia 21 ya nafasi yote.

Sasa ongeza kidole. Google huwashauri wanaobuni programu za Android kwamba kitufe cha kugusa kiwe na upana wa milimita 9 hivi. Kwa kioo chenye upana wa milimita 30, vitufe vitatu tu vimeshajaza mstari! Isitoshe, kidole kikishuka kinafunika kile kile ulichotaka kukiona. Ndiyo maana saa ya Apple ina gurudumu dogo ubavuni, la kusogezea maandishi bila kuziba kioo.

Je, mbunifu afanye nini? Wengine hupunguza herufi mpaka zinakuwa kama mayai ya chawa. Hilo si suluhisho. Mzee wa miaka 70 atasomaje? Wengine huficha mambo. Apple yenyewe ilijaribu: mtu alibonyeza kioo kwa nguvu ndipo orodha iliyofichwa itokee. Lakini nani angejua pa kubonyeza, na hapana alama yoyote? Mwaka 2020 mtindo huo uliondolewa. Njia iliyobaki ni moja, nayo ni ngumu: kuchagua. Weka jambo moja mbele ya mtu, kwa maneno machache, mengine yangoje.

Hapo ndipo Kiswahili kinapong'ara, jamani! Tazama vitenzi vyetu vya kuamuru: tuma, futa, rudi, anza, lipa, zima. Herufi nne nne tu! Tena viambishi vyetu hubeba mzigo mkubwa. "Nitakupigia" ni neno moja. Kiingereza kinahitaji maneno manne kusema hivyo hivyo. Nani basi mwenye maneno mengi?

Ugonjwa wetu ni kupenda majina yenye vilemba. Mtu anataka kuuliza swali dogo, anaandika: "Uthibitishaji wa ufutaji wa ujumbe." Saa gani itabeba gunia hilo? Andika "Futa?" kisha weka "Ndiyo" na "La". Kwisha maneno!

Nakubali kwamba tuna shida moja ya kweli. Neno kama "watakapotufikia" lina herufi 15 na halina nafasi katikati, kwa hiyo mashine isiyojua lugha yetu hulikata popote: "watakap" juu, "otufikia" chini. Lakini dawa yake tunafundishwa darasani. Silabi zetu aghalabu huishia kwa irabu: wa-ta-ka-po-tu-fi-ki-a. Anayetengeneza programu akiambiwa hivyo, atakata panapostahili. Lakini nani atamwambia, kama sisi tumekaa kimya?

Wengine watasema haya ni mambo ya anasa. Sivyo. Tangu mwaka 2018 zipo saa za Apple zinazoweza kuchora mwenendo wa umeme wa moyo, na nyingi za makampuni mengine huhesabu mapigo yake. Fikiria nyanya yako amevaa mojawapo, nayo inamwonya: "Kiwango cha mapigo ya moyo wako kimezidi kiwango cha kawaida." Kabla hajafika mwisho wa sentensi, mkono umechoka na kioo kimezima. Sasa fikiria imwambie: "Keti. Moyo unaenda mbio." Ataelewa mara moja. Na onyo likija kwa lugha asiyoijua, hata liwe fupi namna gani, litamfaa nini?

Mwalimu wa zamu asinielewe vibaya. Siombi turuhusiwe kuvaa saa hizi darasani. Ninachoomba ni kwamba chama chetu kiongeze shindano moja mwaka ujao, pamoja na yale ya insha na mashairi. Kila kidato kipewe maonyo na maagizo kumi, kiyaandike kwa Kiswahili sanifu, kila moja lisizidi herufi 24. Mshindi awe yule ambaye maneno yake yanaeleweka na mpishi, bawabu na mwalimu vilevile. Hiyo ni kazi ya lugha kamili, wala haihitaji kompyuta hata moja.

Wahenga walisema, padogo pako si pakubwa pa mwenzako. Kioo cha saa ni padogo kweli. Tukitie maneno yetu mapema, kabla hakijajazwa na ya wenzetu.