Mtoto wa mbwa mnene si lazima awe na afya

KATIKA Jiji la Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria, mbwa wa ulinzi ni sehemu ya mtaji. Hulinda duka, ghala na banda la kuku. Ndiyo maana wapo wafugaji wanaozalisha mbwa wa kigeni, kama German Shepherd na husky, kwa ajili ya kuuza.

Tatizo ni kwamba mnunuzi wengi hupima kwa macho. Mtoto wa mbwa aliye mviringo ndiye anayegombewa, na muuzaji naye hujitahidi kumnenepesha.

Kipimo hicho kinadanganya. Tumbo kubwa lenye mbavu zilizochomoza mara nyingi ni dalili ya minyoo, ambayo mtoto huipata kwa mama yake tangu akiwa tumboni na kupitia maziwa. Dawa huanza akiwa na umri wa wiki 2, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi aachishwe kunyonya. Mama naye atibiwe.

Unene wa kweli nao una hasara. Mbwa wa umbo kubwa akikuzwa haraka mno, mifupa na nyonga zake huumia, na mbwa anayechechemea hafai kwa ulinzi. Husky dume aliyekomaa huwa na kilo 20 hadi 27 tu, na jike kilo 16 hadi 23. Anayelazimisha kilo 35 anafuga mafuta, tena juu ya mnyama mwenye manyoya mazito katika nchi ya joto.

Kwa upande wa chakula, ugali mtupu hujaza tumbo bila kujenga misuli. Wafugaji wa Mwanza wana bahati ya kuwa karibu na dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Hata hivyo, dagaa walioanikwa mchangani waoshwe, wachemshwe na kusagwa. Mapanki ya sangara yatolewe mifupa, kwa kuwa mifupa iliyopikwa huvunjika na kuacha ncha kali.

Dagaa hao hao hutafutwa na walaji na watengenezaji wa chakula cha kuku. Bei ikipanda, kishawishi huwa ni kumpa mbwa pumba au mahindi yaliyoota ukungu. Hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi, kwani sumu hiyo hushambulia ini. Nchini Marekani, zaidi ya mbwa 70 walikufa mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 katika tukio lililohusishwa na chakula chenye sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyokataliwa sokoni yasiishie kwenye sahani ya mbwa.

Dawa ya yote haya ni mizani na daftari. Mfugaji ampime kila mtoto mara moja kwa wiki, aandike uzito, tarehe za dawa ya minyoo na chanjo. Uzito upande taratibu bila kushuka. Mbavu ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu.

Mnunuzi naye aombe daftari hilo kabla ya kutoa fedha. Wanunuzi wakianza kulipia kumbukumbu badala ya tumbo, mfugaji makini ndiye atakayepata soko.