Paka Aliyekuwapo na Hakuwapo

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu, kwa sababu naamini siku moja litabisha hodi hata kwako.

Jioni moja nilikuwa uani nasonga ugali kwenye jiko la mkaa. Mjukuu wangu Neema, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa ameshika simu ya mama yake. Ndani ya simu hiyo kuna mchezo wa paka. Ukielekeza kamera chini, unaiona sakafu yako mwenyewe, na juu yake amekaa paka anajilamba. Neema akanyosha mkono amshike. Mkono ukashika hewa. Akadhani paka yuko mbele kidogo, akasogea. Akakosa tena, akasogea tena. Macho yalikuwa kwenye simu, jiko hakuliona. Nilimdaka gauni akiwa amebakiza hatua moja tu aangukie sufuria.

Binti yangu alipokuja mbio alitaka kumchapa. Nikamwambia, "Mwache, Mama Neema. Mtoto hakufanya utundu. Ameamini macho yake."

"Lakini mama, hata mtoto si anajua paka hayumo humu ndani?"

"Haya, wewe mtu mzima tuonyeshe alipo."

Akachukua simu, akaenda sebuleni, akaweka kandambili pale alipoona paka amekaa. Ukitazama kwa mbele, ilikuwa sawa kabisa. Alipozunguka upande wa dirishani, lo! Paka kule, kandambili huku. Akacheka, lakini hakutaja tena habari ya fimbo.

Je, ni kwa nini macho yanadanganyika hivi?

Macho hayapimi umbali kwa futi. Yanakusanya dalili, kisha akili inaamua. Dalili ya kwanza ni macho yenyewe kuwa mawili. Kila jicho linaona kutoka mahali pake, na akili hulinganisha picha hizo mbili. Jaribu leo: nyosha mikono, fumba jicho moja, kisha gusanisha ncha za penseli mbili. Utaona jinsi ilivyo vigumu. Sasa, katika simu macho yote mawili yanatazama kioo kimoja bapa. Dalili hiyo inasema paka yuko hapa kwenye kioo, dalili nyingine zinasema yuko kule ukutani.

Dalili ya pili ni kufunika. Kilicho karibu hufunika kilicho mbali. Mara nyingi simu haitambui kwamba mguu wa meza uko mbele ya paka, basi inamchora paka juu ya mguu wa meza. Hapo akili inachanganyikiwa.

Dalili ya tatu ni kivuli. Kitu kisicho na kivuli chini yake huonekana kama kinaelea, wala hujui kimekanyaga wapi. Ndiyo sababu watengenezaji wazuri huchora kivuli chini ya vitu vyao.

Dalili ya nne ni mwendo. Ukisafiri kwa basi, miti ya kando ya barabara hupita haraka, milima ya mbali huenda polepole. Mama Neema aligundua kosa lake alipozunguka, si alipokuwa amesimama. Lakini hata mwendo husaidia tu ikiwa simu yenyewe inajua sakafu iko wapi. Inajua kwa kufuatilia alama inazoziona, kama maua ya mkeka au mistari ya vigae. Penye giza, au penye ukuta mweupe mtupu, alama hukosekana na paka huanza kuteleza.

Jambo hili si geni kama tunavyodhani. Usiku, ukisimama ndani karibu na dirisha la kioo, taa yako huonekana kama inawaka nje katikati ya migomba. Mwaka 1862 huko London, John Henry Pepper alitumia kioo kikubwa kwa namna hiyo, watazamaji wakaona mzuka umesimama jukwaani pamoja na waigizaji. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kilichoweka michoro mbele ya macho ya mtu, naye bado akiona chumba alichomo. Leo wataalamu huita mambo haya uhalisia ulioongezwa.

Wala sisemi ni mambo mabaya. Kuna hospitali zenye kifaa kinachomulika ngozi ya mgonjwa na kuonyesha mishipa ilipo, ili mtoto asichomwe sindano mara nyingi. Lakini hata hapo, mwanga huo unaonyesha mshipa unapita wapi, haupimi vizuri umezama kiasi gani. Hilo bado ni kazi ya mkono wa muuguzi.

Basi sisi nyumbani tufanye nini?

Kwanza, mtoto asicheze michezo hii karibu na jiko, ngazi, kisima au barabara. Mwaka 2016 ulipotoka mchezo wa Pokémon Go, hata watu wazima walijikwaa na kuumia wakifuata viumbe visivyokuwapo. Mchague mahali peupe, naye akae chini akicheza.

Pili, usimcheke wala kumpiga akikosea. Mwonyeshe. Mwambie aweke kandambili, kisha azunguke atazame. Atajifunza mwenyewe kwamba kuona si sawa na kuwapo.

Tatu, usinunue kochi kwa kuliona kwenye simu tu. Mwaka 2017 kampuni ya IKEA ilitoa programu ya kukuonyesha samani ndani ya chumba chako, na sasa wauzaji wengine wanazo. Zinasaidia kuchagua rangi na umbo. Lakini upana wa mlango upime kwa futi kamba kabla hujatoa fedha ya baba watoto au ya mchezo.

Nne, zile miwani kubwa za kuvaa zinachosha macho. Nyingi hulazimisha macho kugeukia kitu kana kwamba kiko karibu au mbali, huku yakilenga umbali mmoja tu. Mtu akilalamika kichwa kinauma, avue, apumzike.

Neema bado anampenda paka wake. Siku hizi kabla hajacheza huniita, "Bibi, jiko limezimwa?" Nami simjibu mpaka nimekwenda kuligusa kwa mkono wangu.

Tuonane mwezi ujao.