Straika wa Sigor ana bei gani? Usimuuze kwa njumu

Cheki hii picha. Uwanja wa Sigor, ile ya Chepalungu kule Bomet, si ya West Pokot. Ni fainali ya Disemba, wasee wamejaa kando ya laini, boda zimepaki nyuma ya goli. Straika wa miaka 17 amefunga mbili. Kabla hata avue jezi, kuna buda ametoka Nairobi anamuuliza jina.

Dili inafungwa hapo hapo. Njumu mpya, nauli, na thao kadhaa za kocha. Watu wanapiga makofi, dogo ameomoka.

Ama ni klabu imechezwa? Wacha tupige hesabu.

Kitu ya kwanza: mabao pekee si bei. Rudi 2015 kwa ligi kuu ya Kenya. Mfungaji bora alikuwa Jesse Were wa Tusker, mabao 22. Michael Olunga wa Gor Mahia alikuwa na 19. Msimu ulipoisha, Were akaenda Zesco United ya Zambia, nayo Djurgården ya Uswidi ikamchukua Olunga. Mbona mwenye mabao machache ndiye alivuka hadi Ulaya?

Mimi naona ni umri na mwili. Olunga alikuwa na miaka 21, mrefu, mwenye mbio, na mguu wake wa kushoto ulikuwa noma. Klabu ya Ulaya hainunui mabao yenye umeshafunga. Inanunua yale utafunga kesho, na ile pesa itapata ikikuuza tena. Na kweli Olunga aliuzwa tena. Akapitia Uchina, akapiga hat-trick La Liga akiwa Girona Januari 2018, kisha 2020 akafunga 28 na Kashiwa Reysol ya Japani na kubeba tuzo ya mchezaji bora wa ligi. 2021 akatua Al-Duhail ya Qatar.

Kitu ya pili: unafanya nini ukiwa huna mpira? Hapa mfano uko karibu na nyumbani. Nicholas Kipkirui alitoka Zoo ya Kericho akajiunga na Gor Mahia kabla ya msimu wa 2018/19. Huko K'Ogalo akakuta Jacques Tuyisenge, Mnyarwanda, ndiye bosi wa katikati. Ukiwa kwa klabu ndogo, timu inajengwa kukuzunguka. Ukiingia klabu kubwa, kocha anauliza maswali mengine. Unaweza cheza pembeni? Unamkaba fulbeki akipanda? Unashika mpira ukiwa na mgongo kwa goli hadi wenzako wafike?

Straika mwenye jibu la hayo maswali anapata dakika hata siku goli limekataa. Na dakika ndizo zinakuweka mbele ya macho ya wanunuzi. Msimu huo Gor walichukua ligi, wakapiga Zamalek 4-2 Kasarani na kufika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF. Baadaye mwaka huo wa 2019 Tuyisenge akanunuliwa na Petro de Luanda ya Angola. Mechi za Afrika ni duka la dirisha kubwa. Mwenye hajatokea hapo, bei yake inabaki ya mtaa.

Sasa kitu ya tatu, yenye watu wa Sigor, Litein na Silibwet wanalala nayo: makaratasi. Sheria za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla kandarasi iishe, asilimia 5 ya ile pesa inagawiwa klabu zilizomlea akiwa kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya bei. Kila mwaka wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tuseme huyo dogo alisajiliwa na klabu ya kijiji akiwa na miaka 16 na 17, halafu siku moja auzwe kwa shilingi milioni 100. Hiyo miaka miwili ni milioni moja kwa klabu ya kijiji. Hesabu ni njumu ngapi. Na ni kila mara anauzwa hivyo, si mara moja.

Lakini kama jina lake halikuwahi andikwa rasmi, kama alikuwa anacheza tu na jezi ya kuazima, klabu haina kitu ya kuonyesha. Hakuna mtu atakuja Chepalungu kuuliza nani alimfundisha kupiga mpira.

Kwa hivyo kocha, kabla upokee hizo thao, sajili klabu na wachezaji kupitia FKF. Dogo akienda klabu nyingine ya Kenya, andikianeni kwamba mtapata asilimia fulani akiuzwa tena. Mzazi awe mezani. Na buda akikuambia ataruka na mtoto wa 17 hadi ng'ambo wiki ijayo, shtuka. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama nchi, ila kwa sababu chache sana.

Na usafi pia ni sehemu ya bei. Zoo walipanda ligi kuu 2017, wakapea vijana wa majani chai ngazi ya karibu ya kupanda. 2021 FIFA ikawatimua ligini kwa sababu ya upangaji matokeo. Ngazi ikavunjika, hata kwa dogo mwenye hakuwa anajua lolote.

Disemba ikifika tena, buda atarudi na njumu zake. Zichukue, hakuna noma. Lakini kwanza mwambie atoe kalamu.