Sehemu ya 9: Urani ya maabara haimwingii mtoto

Leo tuongelee neno linalotisha: urani.

Mzazi akisikia kwamba kinyama cha figo ya mwanawe kitapakwa rangi yenye urani, anaweza kutaka kukataa kipimo. Namwelewa kabisa. Ila mimi nasema, usikatae kipimo kwa sababu ya jina hilo.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mtoto anaamka macho yamevimba, miguu imejaa, mkojo una povu kwa sababu protini inapotea. Wengi wao huitikia vidonge vya steroidi, wala hawachukuliwi kinyama. Asipoitikia, daktari anaweza kukiomba. Sasa, kwenye hadubini ya kawaida figo inaweza kuonekana nzima tu, kumbe vijimguu vya seli zinazochuja damu vimelala. Hivyo vinaonekana kwa hadubini ya elektroni.

Hapo ndipo urani inapohitajika. Nyama ya mwili ina atomi nyepesi, elektroni zinapita tu na picha inatoka imefifia. Atomi za urani ni nzito. Zikinata kwenye kinyama zinatawanya elektroni, pale panakuwa peusi, picha inasomeka.

Shika hili, mama: rangi inapakwa maabara, kwenye kinyama kilichokwisha kutoka mwilini. Mtoto hachomwi urani, hanyweshwi, wala haigusi.

Anayepaswa kujilinda ni mtaalamu wa maabara. Mionzi yake ni hafifu, lakini ukivuta vumbi lake au ukiimeza ni sumu, na kinachoumia zaidi ni figo hizohizo. Ndiyo maana avae glovu, na taka zake zisimwagwe kwenye sinki. Siku hizi kuna rangi mbadala zisizo na urani, na mimi naunga mkono maabara zinazohamia huko, kwa ajili ya wafanyakazi wake.

Wewe mzazi, hofu yako ipeleke kwenye maswali yanayomhusu mtoto. Baada ya sindano ya figo anaweza kuvuja damu, mtamwangalia vipi? Atalala wodini muda gani? Majibu yakitoka, matibabu yatabadilika vipi? Daktari ana wajibu wa kukujibu kabla hujasaini.

Mwenye swali aandike hapa chini. Usiku mwema.