Akiba ya Mnyonge Iokolewe, Hisa za Tajiri Zisubiri

Ndugu zangu wa Rusizi, wenye maduka Kamembe, wakulima wa mpunga Bugarama, akina mama mnaovuka kila asubuhi kuuza Bukavu: liko jambo ambalo tumezoea kuwaachia wakubwa, nalo linagusa kitabu chako cha akiba.

Julai 2024 kampuni ya Moody's, ambayo kazi yake ni kupima kama mkopaji ataweza kulipa, iliishusha serikali ya Kenya kutoka daraja la B3 hadi Caa1. Hapo Rais Ruto alikuwa ametoka kuuondoa muswada wa fedha uliowafanya vijana waingie barabarani kuupinga. Hazikupita siku nyingi, zikashushwa pia benki tatu kubwa za nchi hiyo: KCB, Equity na Co-operative. Asiseme mtu kwamba hizo ni habari za Nairobi. KCB ndiyo iliyoinunua Banki y'Abaturage ya hapa kwetu Rwanda mwaka 2021, benki iliyoanzia Nkamba mwaka 1975 kwa akiba za wanakijiji. Equity ikaichukua Cogebanque mwaka 2023. Na ng'ambo ya mto, huko Kongo, Equity BCDC na TMB ni za mabwana hao hao.

Kwa nini serikali ikishuka benki nazo zishuke? Kwa sababu fedha nyingi za wateja zimekopeshwa serikali hiyo hiyo kwa hati fungani. Sasa wako watu, tena wasomi, wanaotutuliza wakisema benki kubwa haifi, ikiyumba serikali itaiokoa. Nawauliza: kwa fedha gani? Anayezama hawezi kumwokoa aliyemng'ang'ania shingoni. Tena Hazina ya Kenya inamiliki karibu moja ya tano ya hisa za KCB. Mkopaji ni yeye, mwenye hisa ni yeye, na mwokoaji tunayemtegemea ni yeye.

Sisemi serikali ifumbe macho. Mwaka 2006 Benki Kuu yetu ilizifunga taasisi kadhaa za mikopo midogo zilizofilisika, na fedha za hazina zikatumika kuwafidia wenye akiba sehemu ya fedha zao. Lilikuwa jambo la haki, maana muuza sambaza aliyeweka faranga zake pale hakuwa yeye aliyekopesha hovyo.

Ninachokikataa ni kodi ya muuza sambaza huyo kutumika kuokoa hisa za matajiri. Tazameni Uganda. Oktoba 2016 Benki Kuu yao iliitwaa Crane Bank, ikaingiza humo mabilioni mengi ya shilingi za umma, na Januari 2017 ikaiuza kwa dfcu. Kampuni yake tanzu ya Rwanda nayo ikauzwa baadaye. Wenye amana walisalimika, tushukuru. Lakini bunge lilipochunguza, na kesi zilipopanda hadi Mahakama ya Juu, mlipa kodi hakuwa na wa kumrudishia chake chote. Marekani nayo mwaka 2008 ilitenga dola bilioni 700, na hasira za wananchi waliopoteza nyumba huku benki zikiokolewa hazikuisha upesi.

Sisi tunayo njia bora, ila bado ni nyembamba. Sheria ya 2015 ilianzisha Mfuko wa Dhamana ya Amana, ambao benki na taasisi za fedha huuchangia zenyewe, na mwenye akiba akapewa dhamana ya hadi faranga 500,000. Kwa mkulima mdogo inatosha. Kwa mwenye duka Kamembe, ambaye mtaji wake wote uko benki, hiyo ni shehena moja ya sukari na unga, na kilichobaki kingesubiri ufilisi umalizike. Basi kiwango kipandishwe. Benki inayojitia hatarini ichangie zaidi kuliko iliyo makini. Na siku ya kuanguka, wenye hisa wapoteze kwanza, na mkurugenzi aliyejikopesha mwenyewe alipe kwa mali yake, kabla hazina haijafunguliwa.

Na sisi tusingojee Kigali ituamulie yote. Kila umurenge ulianzishiwa SACCO yake, chama cha akiba na mikopo, 416 nchi nzima, na kila mwanachama ana kura. Uliye na mkopo, lipa, maana unaowanyima ni majirani zako. Mkutano mkuu utakapoitishwa, nenda. Uliza mikopo isiyolipwa ni kiasi gani, nani wanadaiwa, na kama wamo viongozi, usikubali kuketi mpaka hesabu isomwe mbele ya wote.